Majibu ya Mama Hayajatoka

Nyuma ya soko, karibu na ghala la mahindi,
Kitale.
Ijumaa, 2 Julai 2021.

Mpendwa shemeji Khaemba,

Mimi niliingia hii dunia na bahati, hiyo unajua. Lori ilipinduka na sisi pale Marich, watu wakatoka wamevunjika mikono, mimi nikatoka na kofia yangu bado iko kichwani. Sasa hii korona nayo imekuja, imepita Kitale nyumba kwa nyumba, imefika kwangu, imenusa mlango, ikaenda. Nilipimwa kwa kemisti wiki hii na majibu yangu yakatoka safi kama sahani ya harusi. Kwa hivyo anzia hapo, shemeji yako ni mzima.

Wewe je, uko namna gani? Kifua kiko aje na vumbi la hiyo barabara mnachonga huko Sudan Kusini? Derrick, mwenzako wa kambini, alisema mnakula maharagwe asubuhi, mchana na jioni, mpaka greda imeanza kunuka maharagwe. Natumaini siku hizi wanawawekea hata samaki. Na ule mguu uliokuwa unafura, umepungua? Huku tunakuombea kila jioni kabla ya kula. Binti yetu Kui ndiye anaongoza, na huwa anaombea pia greda isikwame kwa matope. Sijui nani alimwambia huwa inakwama.

Ningekupigia simu, lakini simu yako tangu mwezi uliopita inaniambia tu mteja hapatikani. Jotham anapeleka unga upande wenu na anasema anapita karibu na kambi, ndio nikaona niandike. Niliachia shule Form Two, lakini kwa kuandika hakuna mwalimu alinishinda. Ni kwa hesabu tu walinionea.

Shemeji, mama ni mgonjwa. Nimezunguka na maneno mengi, sasa nimesema. Mama yenu yuko hapa kwangu Kitale, kwa kile chumba cha nyuma ulicholala mwaka jana. Anapumua kwa shida. Tunangojea majibu yake ya korona kutoka kwa kemisti, na kila kitu sasa kimesimama juu ya hayo majibu.

Wacha nikueleze vile ilikuwa, usije ukasikia kwa watu wa kwenu Malakisi wakiongeza chumvi.

Unakumbuka nikioa dada yako vile nilishangaa na mila yenu. Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mkono, anakupa chai, mnacheka. Kwenu mama akiniona kwa njia anaingia ndani ya mahindi. Miaka mingi, shemeji. Nilikuwa naongea na yeye nikiwa upande ule wa ukuta kama mtu anaungama kwa padri. Kushikana mkono hapana, kula meza moja hapana, na mama kulala kwa nyumba ya mkwe wake, hiyo hata huwezi kuitaja. Serikali ilipotangaza kwa redio ati watu wakae mbali mita moja na nusu, nilicheka karibu nianguke. Nikamwambia dada yako Nabwile, hawa wamechelewa, nyinyi Wabukusu mko na hii kitu kutoka zamani, na mita zenu ni nyingi zaidi.

Lakini mimi na huu mdomo wangu nikataka kuwa mtu wa kwanza. Nikasema mimi mtu nimefika Kampala, nimefika Juba, nimekula na watu wa kila kabila, sasa mama wa bibi yangu atakuwa ananikimbia kama mimi ni nyoka? Ulikuwa hapo Krismasi nilipoleta ile mbuzi na blanketi. Wazee wenu walikaa, wakanung'unika, wakakula mbuzi, wakasema haya, salimianeni. Mama akatoa mkono akiangalia kando. Na mimi si nikakataa kutosheka na mkono, nikamkumbatia mbele ya watu wote. Nilijisifia hiyo kitu mpaka Bungoma mjini. Hakuna kinyozi hakuisikia.

Kitu hukuona, kwa sababu ulirudi kazini, ni vile mama alibadilika. Alinipenda bana. Alikuwa ananipigia simu mimi kabla ya binti yake. Tukifika Malakisi anakuja mpaka kwa mlango wa pikapu, anashika mkono wangu na mikono yake miwili, na haachilii. Anaongea na Nabwile, anauliza watoto, anafukuza kuku, na mkono wangu bado uko huko kwake. Ni kama alikuwa anajilipa ile miaka yote.

Basi mwezi wa sita macho yakamsumbua. Nikasema aje Kitale aone daktari wa macho. Akakubali kuja, akakataa kulala. Alisema kusalimia ni sawa, ilishapita kwa wazee, lakini kulala kwa mkwe hapana, atarudi siku hiyo hiyo. Nabwile alikuwa upande wake. Mimi nikasema, "Mama, ile mbuzi ilikuwa kubwa, ililipia mpaka kitanda." Akacheka, akafunika mdomo na leso, akakubali. Hiyo ni mimi nilisema, shemeji. Nataka uijue kama ilivyo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka Lodwar kushukisha mahindi. Nilikuwa na kikohozi kidogo, unajua vumbi la ile barabara. Mama akanisikia. Akaamka mapema kabla ya mtu yeyote, akachemsha tangawizi na limau, akaniletea kikombe yeye mwenyewe, akanisimamia nikunywe mpaka chini. Akaniambia, "Baba Kui, unafanya kazi kama punda halafu unavaa shati ya mikono mifupi." Mama mkwe, amesimama kando ya kitanda cha mkwe wake na kikombe. Wazee wenu wangeona hiyo wangedai mbuzi ingine.

Daktari wa macho alimpatia dawa, tukasema akae mpaka Jumapili twende kanisa pamoja, ndio nimpeleke nyumbani. Jumapili haikumkuta vizuri. Alianza na kukataa chakula. Alisema ugali hauna ladha, halafu akasema hata chumvi haina ladha, na sisi tukafikiri ni mambo ya wazee. Halafu joto. Halafu kikohozi, kile kikavu, kinakuja kama mtu anagonga mlango na hafunguliwi.

Siku iliyofuata Nabwile alikuwa sokoni, mama akaanguka pale nje ya choo. Hapo hakuna mila tena. Nilimbeba. Nilimbeba kwa mikono kama mtoto mpaka kwa pikapu. Ni mwepesi, shemeji. Sijui kama unajua vile mama yako amekuwa mwepesi. Alifunika uso na leso, akaniambia, "Baba Kui, niweke chini, watu wataona." Nikamwambia wacha waone.

Hospitali ya kwanza ilikuwa imejaa, watu wako kwa korido na jamaa zao wamewashikia chupa za maji. Ya pili ni ya kulipia. Daktari pale aliniongelesha vizuri, si mtu mbaya. Alisema ana kitanda chenye oksijeni kwa wadi ya kawaida. Mama akiwa hana korona, kitanda ni chake siku hiyo hiyo. Akiwa nayo, hawezi kumchanganya na wale wengine, na upande wa korona umejaa, itabidi tutafute nafasi Bungoma au Eldoret, na huko nako alikuwa amepiga simu asubuhi wakamwambia hakuna. Na vifaa vya kupima vilikuwa vimewaishia. Akasema nendeni kwa kemisti, kuna wenye ruhusa ya kupima.

Ndio unaona. Tukipata majibu mazuri, mama ana kitanda. Tukipata mabaya, hatuna mahali.

Kemisti tulienda ni ya Linah, yule msichana wa Saboti aliyekuwa anatuuzia dawa ya minyoo. Sasa ni mtu mkubwa, amevaa miwani ya plastiki na aproni kama mchinjaji. Anakupeleka nyuma katikati ya maboksi ya nepi na maziwa ya watoto, anakuingiza kijiti puani mpaka unakumbuka vitu ulivyosahau ukiwa darasa la tatu. Mama hakulia. Alishika tu mkono wangu vile huwa anashika.

Tulipimwa wote wawili, ile ya haraka. Yangu nimeshakuambia. Ya mama, ule mstari wa kuonyesha kifaa kinafanya kazi haukutokea kabisa. Kikabaki kitupu. Linah alikigeuza kwa taa, akakigeuza kwa dirisha. Akasema, "Baba Kui, sitaki kudanganya mama mzee. Hiki kimeharibika, hakisemi ako nayo na hakisemi hana." Nikamwambia tumia kingine. Akanionyesha boksi. Lilikuwa tupu. Akachukua kijiti kingine, akamwingiza mama puani tena, akakifunga vizuri, akakituma Eldoret kwa mashine kubwa, na majibu yatarudi kwake hapo dukani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka naenda kukaa nje ya kemisti. Sikai kwa benchi na wengine, nakaa ndani ya pikapu na vioo vimefungwa. Kitale kuna baridi sana mwezi huu, mvua haituachi. Lakini nawaona na nawasikia. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, Gathii, na mama muuza vitunguu anaitwa Wangui, na wengine wanakuja na kuenda.

Jana mwalimu alisimama akamwambia Linah, "Binti, hayo majibu yanatoka Eldoret ama yanatoka mbinguni?"

"Mwalimu, gari ya vifurushi haijafika."

"Juzi pia ilikuwa haijafika. Inavutwa na punda?"

Wangui akamwambia, "Kaa chini mwalimu, unatutemea mate na barakoa yako iko kidevuni. Kwani huo ugonjwa unaingilia kwa kidevu?"

Watu walicheka, hata mimi ndani ya gari. Mwalimu mwenyewe alicheka, akavuta barakoa juu. Halafu simu ya Linah ikalia. Akasikiliza, akaja mpaka mlangoni, akamuita mwalimu aende nyuma. Alipotoka hakuelekea nyumbani. Alirudi akaketi pale pale kwa benchi, kama amesahau alikuwa anangojea nini. Wangui akasimama polepole akachukua gunia lake. Wale wengine pia wakasimama. Hakuna mtu alimsema vibaya, shemeji, kila mmoja alimwambia pole akiwa anarudi nyuma. Wakamwachia benchi yote. Nilitaka kutoka nikae na yeye. Sikutoka.

Mama mwenyewe, wacha nikuambie ukweli wa hali yake. Nimekodi mtungi wa oksijeni kutoka kliniki moja, uko kando ya kitanda, na nesi anakuja asubuhi na jioni. Ana kamashine ka kubana kidole, anakaangalia, halafu anatazama nje ya dirisha kabla hajaongea. Hiyo ya kutazama dirisha mimi siipendi. Mama anakunywa uji vijiko vichache. Akilala kwa tumbo anapata nafuu kidogo. Nabwile hatoki kwa hicho chumba ila kufua. Anamwimbia nyimbo za kwenu za kanisa, na mama anatingisha kidole kuonyesha amesikia.

Mimi nimehamia kwa stoo, nalala kati ya magunia ya mahindi, kwa sababu unajua vile nakoroma na mama anahitaji kimya. Kui ananiletea chakula anaweka mlangoni. Naongea na mama kupitia dirisha. Ni kama tumerudi zile siku za ukuta, isipokuwa sasa yeye ndiye ananiita.

Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua kuliko hata kupumua. Alimwambia Nabwile labda ni ile salamu. Ati wazee walikula mbuzi lakini jambo lenyewe halikukubali, na sasa linamfuata kwa sababu ya mkono, na kwa sababu ya kulala kwangu. Nabwile alimwambia hakuna kitu kama hicho, ni virusi, hata wazungu wanavyo. Hakusikia. Jumatano akaniita kwa dirisha. Sauti yake sasa inakuja kwa vipande. Akaniuliza, "Baba Kui, yako ilisema nini?"

Nikamwambia, "Safi, mama. Sina kitu."

Akafunga macho. Halafu akasema, "Basi si mkono."

Na kweli alilala vizuri mchana huo. Hata uji alimaliza.

Kwa hivyo shemeji, mimi nimekaa kwa pikapu nikipiga hesabu hivi. Mimi nimekula na mama, nimekunywa kwa kikombe alichoshika, nimembeba, na niko mzima. Nabwile yuko mzima, watoto wako wazima. Basi inaweza kuwa ni nimonia tu, ile ya baridi, na nimonia inatibika, na kitanda kiko. Hiyo ndiyo hesabu nilitaka uwe nayo huko mbali.

Shamba la Malakisi usiwe na wasiwasi nalo. Jirani anaangalia tumbaku na ng'ombe, na amekataa nimpe kitu, anasema mama alimlea. Mahindi ya huku yamefika kifuani, mwaka huu yatakuwa mengi. Kijana wetu Levi anakusalimia na anasema ukija umletee kofia ya kazi, ile ngumu ya manjano.

Nina ombi moja. Ongea na msimamizi wako huko kambini. Mwambie hali ya mama. Wakikubali, panda lori ya Jotham akirudi, amesema atakungoja. Njoo hata kama hatutakuruhusu kuingia chumbani, utasimama na mimi kwa dirisha. Mama anakutaja. Anakutaja ukiwa mtoto, anakuambia utoke kwa mvua.

Salimia Derrick, mwambie deni lake la utani na mimi liko pale pale. Salimia wale wote mnaolala nao hema moja. Nabwile anakusalimia, hajapata nafasi ya kuandika, mikono yake iko na maji saa zote. Kui na Levi wanakusalimia. Linah pia, nilimwambia nakuandikia, amesema pole.

Mungu atembee mbele ya greda yako na nyuma yake. Akulinde na hiyo joto, akupitishe mpaka wa Nadapal salama, na akukutanishe na mama akiwa bado anajua jina lako.

Mimi shemeji yako, ninayekupenda hata siku utakayonikasirikia,
Wanyoike, Baba Kui.

Khaemba, nimesaini lakini sijafunga bahasha. Siwezi kukuacha na ile hesabu.

Majibu yangu hayakutoka safi. Niko nayo. Linah alinionyesha mistari miwili na yote ilikuwa myeusi, hata mtu wa Form Two anaisoma. Nabwile anajua. Mama hajui, na tafadhali ukija usimwambie. Mimi ndiye nilimlazimisha kulala hapa, na mimi ndiye nilimkoholea. Sina bahati yoyote, shemeji. Nilikudanganya.